Je, Puyi Alikuwa Mtu wa Tabia Gani?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi na dada yangu tulifanya jaribio la aina 16 za tabia, kisha tukaanza kuwapima watu wa historia. Tumekwama kwa Puyi, mfalme wa mwisho wa China. Dada anasema alikuwa mkimya na mpole. Mimi nasema alikuwa katili. Nani amekosea?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kila mmoja wenu ameshika kipande cha Puyi yuleyule.

Ukatili unaousema ulikuwepo. Alitawazwa Desemba 1908 akiwa na umri wa miaka 2, na tangu hapo watu wazima wakawa wanamsujudia. Alikuwa akiamuru matowashi wachapwe bila kosa. Kuna siku alitaka towashi mmoja apewe keki iliyotiwa unga wa chuma, aone atakavyoitafuna. Aliyemzuia ni yaya wake, Wang, yule aliyemnyonyesha. Alimshawishi atie maharage makavu badala ya chuma. Puyi mwenyewe aliandika baadaye kwamba yaya huyo ndiye pekee aliyemfanya atambue kuwa watu wengine nao ni binadamu. Alipofikisha miaka 8, yaya akaondolewa kasrini. Hapo mimi huumia kila ninaposoma. Mtoto anyang'anywe mtu pekee awezaye kumwambia "hapana", halafu tumwulize ana tabia gani?

Kiti chenyewe alikuwa amekipoteza Februari 1912, akiwa na miaka 6, ila aliachwa aendelee kuishi kasrini hadi jeshi la mbabe wa vita Feng Yuxiang lilipomfukuza mwaka 1924. Angalia sasa anavyohama kutoka mkono hadi mkono: mwalimu wake Mwingereza, Reginald Johnston, kisha Wajapani, waliomweka Manchukuo, dola kibaraka waliyoiunda kaskazini-mashariki mwa China, kama mtawala mwaka 1932 na mfalme mwaka 1934, kisha Warusi waliomkamata Agosti 1945, kisha, kuanzia 1950, askari wa gereza la Fushun. Huko Manchukuo, ambako hata barua zake zilipitia kwa Wajapani, watumishi wake watoto walichapwa vibaya. Aliyeonewa na wakubwa alimalizia hasira kwa wadogo. Mwaka 1946 alipotoa ushahidi Tokyo, katika kesi ya wahalifu wa vita wa Kijapani, alidanganya ili kujinusuru, na baadaye akakiri hivyo.

Kwa hiyo ukiniuliza ni kitu gani hakikubadilika ndani yake, nitasema hofu, na haja ya kuwa na mtu wa kumwegemea. Hizo hazimo katika zile herufi nne ambazo jaribio lenu humpa kila mtu. Jaribio mlilofanya lilitokana na mawazo ya mwanasaikolojia Carl Jung ya mwaka 1921, na huuliza mtu hupendelea nini: peke yake au na watu, mpango au papo kwa papo. Mapendeleo yanahitaji nafasi ya kuchagua. Puyi hata mke alimchagua mwaka 1922 kwa kuwekewa picha za wasichana mbele, na alipoweka alama kwenye picha ya Wenxiu, wakubwa wakamtaka achague tena, ndipo Wanrong akawa malkia.

Jambo jingine: mengi tunayoyajua yametoka katika kitabu chake cha maisha, kilichoanza kama maungamo gerezani. Mfungwa anayetaka kuonekana amebadilika ana sababu ya kujipaka matope ya zamani. Msikisome kama shajara.

Mkitaka kumpima kwa haki, mpimeni kuanzia Desemba 1959, alipoachiliwa akiwa na miaka 53. Alifanya kazi katika bustani ya mimea ya Beijing, akamwoa muuguzi Li Shuxian mwaka 1962, akafariki Oktoba 1967. Katika miaka hiyo dada yako yuko karibu na ukweli kuliko wewe. Lakini mwambie asiwafute wale watoto waliochapwa Manchukuo kwa sababu ya mzee mpole aliyemwagilia maua.