Vyuma au kupunguza ugali?
Dada, umeuliza unyanyue vyuma au upunguze tu ugali wa usiku ili kitambi kishuke. Fanya vyote viwili. Ukijinyima chakula bila mazoezi ya nguvu, mwili hauchomi mafuta peke yake, unakula na misuli. Mizani itashuka lakini utabaki umelegea. Shirika la Afya Duniani linashauri mazoezi ya misuli angalau siku 2 kwa wiki, na jimu si lazima: skwati (kuchuchumaa na kusimama), pushapu za ukutani, kunyanyua ndoo ya maji ya lita 10 (hiyo ni kilo 10, bila kuhesabu ndoo yenyewe). Ikishakuwa nyepesi, ongeza.

Kwenye kula ndiko wengi tunakokwama. Zima TV, weka simu mbali, tafuna taratibu. Ubongo huchukua kama dakika 20 kupata habari kwamba tumbo limeshiba, na sahani ya wali mbele ya tamthilia haifikishi hata 10. Anza na maharage, dagaa au mboga, wanga ufuate. Kabla ya kuongeza, jiulize: ni njaa, au ni utamu tu? Halafu chai ya vijiko vinne vya sukari nayo ni chakula, hiyo watu huwa hawaihesabu kabisa!

Usipande mizani kila asubuhi, pima kiuno kwa futi ya fundi cherehani. Kama unatumia dawa za kisukari, ongea na daktari kwanza, maana sukari inaweza kushuka ghafla.