Kiingilio cha bendi, kaunta yako

Kijana anayetaka kufungua ukumbi wa muziki wa dansi mkoani huanza kuniuliza anunue spika gani. Spika zinakodishwa. Kwanza elewana na wanamuziki kuhusu fedha, maana hapo ndipo kumbi nyingi hufia.

Kwa bendi za hapa mjini nafuata utaratibu wa siku nyingi wa baa za Dar es Salaam: kiingilio chote chao, mauzo ya vinywaji yangu. Usione umegawa mali. Bendi inayokula mlangoni itajitangaza mtaa kwa mtaa, itapanda jukwaani kwa wakati, na haitapiga kwa kulipua. Mlangoni akae mtu wao na mtu wako, tiketi ziwe na namba, na fedha zihesabiwe mbele ya wote usiku uleule kabla vyombo havijapakiwa. Kiongozi wa bendi akiridhika na hesabu, atarudi mwezi ujao bila kubembelezwa.

Bendi ya kusafiri ina mambo yake: malipo ya awali, malazi, chakula, gari la vyombo. Mimi niko Morogoro, kama kilomita 190 kutoka Dar, kwenye njia ya Dodoma, kwa hiyo siiti bendi kwa onyesho moja. Nampigia promota mwenzangu wa Dodoma: Ijumaa kwangu, Jumamosi kwake, gari tunachangia. Tangu SGR ianze safari Juni 2024 wanamuziki wanaweza kuja kwa treni, lakini vyombo bado vinapita barabarani, na hiyo ndiyo gharama inayouma.

Maonyesho makubwa yaweke mwisho wa mwezi, mishahara ikitoka. Ramadhani usipige dansi. Paka rangi, tengeneza vyoo (kinamama hawarudi kwenye ukumbi wenye vyoo vibovu), iachie bendi ukumbi ifanye mazoezi ya nyimbo mpya. Iddi Mosi na Iddi Pili utavuna.

Vibali vifuatilie mapema, kuanzia kwa afisa utamaduni. Ada ya hakimiliki ya muziki nayo usiikwepe. Mwimbaji na mtunzi Mbaraka Mwinshehe alifariki mwaka 1979, na hapa Moro nyimbo zake zikipigwa watu bado wanaacha bia mezani. Mtunzi akiondoka, haki zake hubaki kwa familia. Sisi tunaoishi kwa muziki ndio tunaopaswa kuwa wa kwanza kulipa.

Fundi mitambo naye umlipe kabla hajaanza kukunja nyaya.