Bega lenye harufu ya maziwa

Mwanangu wa pili alikuwa na wiki tano alipoanza kucheua hasa. Ananyonya vizuri, ukimlaza tu, maziwa hayo: shingoni, masikioni, kwenye shuka, mengine yameshaganda. Kisha anajipinda mgongo kama upinde na kulia kwa hasira. Baada ya wiki mbili sikuwa na gauni lisilonuka maziwa yaliyochacha.

Muuguzi alinieleza kuwa pale umio unapoungana na tumbo pana msuli unaofunga kama mdomo wa mfuko wa kamba. Kwa mtoto mchanga msuli huo bado haujakomaa, chakula chake ni cha majimaji tu, na muda mwingi amelala. Basi maziwa hupanda, na asidi nayo. Mara nyingi hali hushika kasi karibu na miezi minne, na wengi huwa wameacha wakifikisha mwaka. Halafu akampima uzito. Ulikuwa unapanda vizuri. Sindano ile ya mzani ilinituliza kuliko maelezo yote.

Kosa lilikuwa langu kwa sehemu. Kila alipolia nilimpa titi, hata kama alinyonya muda mfupi uliopita, na tumbo likijaa kupita kiasi linarudisha. Nikaanza kumnyonyesha kidogo kidogo, nikimcheulisha hewa katikati pia, si mwishoni tu. Kisha namshika wima kifuani dakika 20 hadi 30. Kiti cha gari hakifai kwa kazi hiyo, maana humo anajikunja na tumbo linabanwa. Nepi nayo nikaacha kuikaza. Saa tisa usiku dakika 20 ni ndefu, jamani. Nilikuwa naegemea ukuta, kitambaa begani, nikisikiliza ile “gluk” ndogo ya maziwa kupanda na kumezwa tena.

Kwenye kulala ndipo tulipobishana nyumbani. Mmoja alisema alale kifudifudi, mwingine awekewe mto asije akapaliwa. Nilikataa yote mawili, na ningekataa tena leo. Mtoto hulala chali, kwenye godoro gumu lililo sawa, bila mto, hata kama anacheua. Akiwa chali, njia ya hewa iko juu ya umio, kwa hiyo maziwa yakirudi ni vigumu kuingia kwenye mapafu. Kitanda kilichoinuliwa upande wa kichwa humfanya ateleze hadi shingo ikunjike, na hapo pumzi ndiyo iko hatarini.

Dawa niliiomba, sitaficha. Daktari akaninyima: mtoto anayecheua huku anakua na kucheka hahitaji dawa ya asidi. Kuongeza kitu cha kuyafanya maziwa yawe mazito nako ni kwa ushauri wa daktari tu, hasa kwa aliyezaliwa njiti. Kuna pia watoto ambao shida yao hasa ni mzio wa protini ya maziwa ya ng’ombe. Ukiona damu kwenye choo au ngozi yenye vipele visivyoisha, mtajie daktari.

Yapo mambo ya kukimbilia hospitali siku hiyohiyo: matapishi ya kijani au yenye damu, tumbo kuvimba, homa kwa mtoto mchanga, kukataa kunyonya, nepi kukaa kavu, kupumua kwa shida. Na yale matapishi yanayoruka mbali kwa nguvu kila anaponyonya, hasa kati ya wiki ya pili na ya nane. Huenda njia ya kutokea tumboni imebana, na hilo hutibiwa kwa upasuaji. Uzito ukisimama, usisubiri kliniki ya mwezi ujao.

Wangu alianza kukaa mwenyewe karibu na miezi saba. Jioni moja nilivua kitambaa begani ili nikitupe kwenye ndoo kama kawaida, nikakuta ni kikavu. Nikakikunja, nikakirudisha kabatini.