Kebo ya mota ya kV 3.3: skrini ni lazima? Na ethi yake ipite wapi?

Mkuu, umeuliza mawili: kama mota ya pampu ya kV 3.3 (volti 3,300) lazima ipate kebo yenye skrini, yaani tabaka la metali linalozunguka insulesheni, na kwa nini mkaguzi amekataa mlivyofunga ethi ya skrini (waya unaoiunganisha na ardhi) kwenye paneli. La kwanza ni fupi. La pili liliwahi kunikesha, nitakaa nalo zaidi.

Anza na mkataba: unataja kanuni ipi? NEC, kanuni ya umeme ya Marekani, inadai skrini kwa kebo za kudumu zinazofanya kazi juu ya volti 2,000, ukiacha misamaha michache yenye masharti. IEC 60502-1, kiwango cha kimataifa cha kebo, inazo kebo za kV 1.8/3 (1.8 kati ya waya na ethi, 3 kati ya waya na waya), zinazofaa mfumo wa kV 3.3, na hizo zinaruhusiwa bila skrini. Ndiyo maana mshauri wenu na muuza kebo wanabishana, kila mmoja ameshika kitabu chake. BS 7671, kanuni ya Uingereza, iacheni, inaishia volti 1,000 za AC. Kama michoro imeandikwa NEC, msibadilishe kebo kwa maneno ya mdomo. Mshauri aandike barua. Kwa kV 6.6 mimi sibishani na mtu, naweka skrini.

Sasa ethi. Nilikuwa kiwanda cha saruji, mota ya kinu, kV 6.6. Usiku mmoja kebo ilipasuka insulesheni ndani ya mtaro, umeme ukaruka kwenye skrini. Rilei ya mota hiyo, kifaa cha kugundua hitilafu na kukata umeme, haikushtuka kabisa. Ikakata swichi kuu ya juu yake, na sehemu nzima ya kiwanda ikazimika. Tulizunguka mpaka alfajiri tukikagua mota nzima zisizo na kosa, kwa sababu paneli yenye hitilafu haikuonyesha chochote.

Kosa lilikuwa waya mmoja. Kebo ilipita katikati ya CT ya duara (pete inayopima mkondo na kuiambia rilei) ikiwa na skrini yake, kisha ule mkia wa skrini, waya wake wa ethi, ukafungwa moja kwa moja kwenye baa ya ethi, juu ya CT. Mkondo wa hitilafu ulikwenda kwa waya wa fezi (waya wenye umeme) na kurudi kwa skrini, vyote ndani ya duara lilelile. Vikafutana, rilei ikaona sifuri. Mkia ulitakiwa urudishwe chini kupitia CT, ndipo ufungwe kwenye ethi. Hapo mkondo wa skrini unajifuta wenyewe na ule wa fezi unabaki kuonekana. Ila kama skrini imekatwa kabla ya kufika CT, mkia usiupitishe. Ukiupitisha utaleta kosa lilelile.

Mkia huo uvalishwe insulesheni mpaka kwenye baa. Ukigusa bati njiani, umeharibu kila kitu.

Upande wa mota, chunga kisu. Fundi akivua ile tabaka nyeusi inayopitisha umeme kidogo, juu ya insulesheni, na kuichana insulesheni yenyewe, hewa inakaa kwenye mkwaruzo, cheche ndogo zinaila taratibu, na kebo inakufa miezi baadaye wakati yeye yuko kazi nyingine. Na msiikunje kwa nguvu ndani ya kasha: NEC inataka nusu kipenyo cha mkunjo kisichopungua mara 12 ya unene wa kebo, kwa kebo ya waya mmoja yenye skrini.

Kabla ya kuwasha, pitisheni mkondo wa majaribio kwenye skrini peke yake: rilei isitikisike. Kisha kwenye fezi moja: ikate. Tuma picha ya chini ya paneli, pale kebo inapoingia, niione CT ilipokaa.