Muulize Mama Muuguzi: Mhadhara Kabla ya Pilau au Baada?

Shikamoo Mama. Niko mwaka wa tatu chuo cha uuguzi hapa Morogoro, na wenzangu wamenichagua kuwa katibu wa kamati ya hafla ya tuzo. Kila mmoja amechanga shilingi 50,000. Mkuu wa chuo anataka usiku huohuo mgeni atoe mhadhara wa afya ya jamii. Kamati inasema mhadhara utaua shughuli. Nimebanwa katikati, nifanyeje? — Katibu, Morogoro

Marahaba mwanangu. Kamati yako ina hoja. Kwenye hafla ya darasa letu, miaka ya 80 hiyo, tulikaa tangu saa kumi na mbili jioni tukimsikiliza mgeni aliyekuja na chati za kuning'iniza ukutani. Akazisoma zote. Saa mbili na nusu alikuwa bado kwenye minyoo, aina ya tatu. Pilau imeshapoa, mafuta yameganda pembeni mwa masinia. Mwenzetu mmoja aliyetoka zamu ya usiku bila kulala alisinzia begani kwangu, makofi yakamshtua, akainuka mbio kwenda kupokea tuzo isiyokuwa yake.

Ila na mkuu wa chuo msimpuuze. Mhadhara msiufute, uhamisheni tu. Uwekeni kwenye kunawa.

Unajua shughuli zetu: kabla ya chakula vijana wanapita meza kwa meza na jagi, beseni na sabuni, na kwa robo saa nzima hakuna kinachoendelea isipokuwa porojo za mshereheshaji. Robo saa hiyo mpeni mtoa mhadhara, na mumwambie chati aache nyumbani.

Kwangura masizi ya sufuria, kijiko kimoja kinatosha, uyakoroge na mafuta ya kula mpaka yawe kama rangi ya viatu. Mwombe mgeni rasmi akunje mikono ya shati. (Mwambie siku mbili kabla! Usimvamie mtu aliyekuja na suti ya krimu.) Mpake viganjani na nyuma ya mikono, mfunge macho kwa bendeji, kisha anawe kwa sabuni kama anavyonawa siku zote. Akimaliza, mfungue aoneshe ukumbi. Viganja vitang'aa. Weusi utakuwa umejibanza kwenye vidole gumba, kwenye ncha za vidole na katikati ya kidole na kidole. Zoezi hili nimewafanyisha wanafunzi, madaktari na padri mmoja, na gumba limewaangusha karibu wote.

Watu wakiwa bado wanacheka, mtoa mhadhara ashike kipaza sauti awapeleke Vienna, mwaka 1847. Hospitali kuu ya mji huo ilikuwa na wodi mbili za kujifungulia: moja ya madaktari na wanafunzi wao, nyingine ya wakunga. Ya madaktari iliua wazazi wengi kuliko ya wakunga, na habari zikaenea mjini mpaka wajawazito wakawa wanasihi wasipelekwe huko. Daktari Ignaz Semmelweis akabaini kwamba wanafunzi wa udaktari walikuwa wakitoka kupasua maiti na kuja moja kwa moja kuzalisha. Aprili 1847 walikufa wazazi kama 18 katika kila 100 kwenye wodi ile. Katikati ya Mei akaamuru kila anayeingia anawe kwa maji ya chokaa yenye klorini. Juni vifo vikashuka hadi kama 2 katika 100. Wakubwa wengi wa fani yake hawakutaka kusikia. Mimi ni mkunga, kwa hiyo nisamehewe nikikisimulia kisa hiki kwa raha kidogo.

Amalizie kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani: sekunde 40 hadi 60, kuanzia kulowesha mikono hadi kuikausha. Ukumbi mzima unawe, yeye ahesabu kwa sauti. Kisha sinia zipite, zikiwa za moto.

Kama kamati bado inanuna, waulize wazazi wao kuhusu Mtu ni Afya, ile kampeni ya afya ya redioni. Mwaka 1973 nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Jioni baba na majirani walikuwa wakikusanyika kuizunguka redio moja, wanasikiliza kipindi, wanajadiliana, halafu kesho yake wanashika majembe. Nchi nzima walishiriki watu wapatao milioni 2. Choo chetu cha kwanza chenye mfuniko kilichimbwa na kikundi kile, nami ndiye niliyekuwa nikibeba maji ya kunywa. Yale maneno ya redioni sikumbuki hata moja. Choo nakikumbuka mpaka ubao wake uliopinda.

Mama, tukihitimu tunashika mishumaa na kusoma Kiapo cha Nightingale. Ni Florence Nightingale mwenyewe, yule muuguzi Mwingereza, aliyekiandika? Na ile taa yake ilikuwaje hasa? — Mwanafunzi, Tanga

Hakukiandika. Kiliandikwa mwaka 1893 huko Detroit, Marekani, na kamati ya chuo cha uuguzi iliyoongozwa na Lystra Gretter, wakakipa jina lake kwa heshima. Mwenyewe alikuwa hai bado, alifariki 1910.

Kuhusu taa, wachoraji wengi wamempa kitaa chenye mdomo na mkono kama birika dogo. Aliyoitumia wodini Scutari, Uturuki, alikouguza askari wakati wa vita vya Crimea, ilikuwa taa ya Kituruki ya kitambaa, iliyokunjika mikunjomikunjo, mshumaa ndani. Jina lake ni fanoos. Ndiyo fanusi yetu, mwanangu, neno unalo tayari hapo Tanga.

Wachoraji walisahau na mitaro. Machi 1855 ilifika tume ya usafi kutoka Uingereza, ikazibua maji taka yaliyokuwa yametuama chini ya hospitali ile, na vifo vikapungua sana. Ningekuwa mkuu wa chuo, wahitimu wangeingia na fanusi mkono mmoja, ufagio mkono wa pili. Na feni zizimwe: kofia za karatasi na mishumaa mitupu havipatani, nimewahi kuizima moja kwa soda ya machungwa.

Kila mwaka tuzo ya Muuguzi Bora anapewa aliyeongoza mtihani. Je, ni haki? — Mzazi, Dodoma

Ndugu mzazi, aliyeongoza mtihani apewe tuzo ya mtihani. Hii nyingine, kamati isiulize walimu peke yao. Iende wodini saa tisa usiku imuulize mhudumu anayepiga deki, na yule bibi anayelala kwenye mkeka chini ya kitanda cha mjukuu wake: ukiita, anakuja nani? Chuo kimoja nilikofundisha tulijaribu hivyo. Wote wawili walitaja jina lilelile, la binti aliyekuwa wa kumi na tisa darasani. Alipoitwa ukumbini hakuwepo. Alikuwa zamu.