Kigae kiache, mahali pake andika

Mmeuliza wiki hii: mkazi wa jirani na magofu ya pwani, asiyesomea akiolojia, anaweza kusaidia nini? Anaweza kusaidia sana, tena bila jembe. Kigae, yaani kipande cha chombo cha kale kilichovunjika, kikiokotwa na kufungiwa kabatini hakisemi tena kilitoka nyumba ipi, jaa lipi, kisima kipi. Mahame yetu mengi, yaani makazi ya kale yaliyoachwa, yana upungufu huo: vitu vimeonekana, mahali pake hapakuandikwa.

Nenda baada ya mvua kubwa ya kwanza, kabla majani hayajaota, au shamba likishalimwa. Ufukweni, subiri maji yapwe, ukague kingo zilizomegwa na mawimbi. Beba simu, rula, futi ya kamba, daftari na penseli, kwani wino huchujuka ukilowa. Kabla ya kugusa chochote piga picha tatu: ya mbali ikionyesha mbuyu au ukuta, ya kati, na ya karibu rula ikiwa imelazwa pembeni. Bila rula, hakuna atakayejua kama ule ni ukingo wa kikombe au wa mtungi.

Kisha andika latitudo na longitudo. Ipe simu dakika moja au mbili namba zitulie. Penye uwazi hukosea kama mita 5. Chini ya miti au kando ya ukuta hukosea zaidi. Kwa hiyo pima pia umbali kutoka alama mbili zisizohama, mfano kona ya msikiti na mdomo wa kisima, na utaje uko upande gani wa mstari unaoziunganisha. Usipoutaja, vipimo hivyo hivyo vitaangukia mahali pawili.

Wengi hukimbilia vigae vya Kichina vinavyong'aa na kuruka vya vyungu vya kienyeji. Hasara kubwa! Shingo ya chungu iliyochorwa pembetatu za mikwaruzo huweza kuonyesha makazi ya karne ya 7 hadi ya 10. Mabonge mazito ya mavi ya chuma huonyesha palipofuliwa au kuyeyushwa chuma. Yote yaandike.

Kuchimba ni marufuku bila kibali. Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda hata vitu vidogo vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Kenya, sheria ya 2006 inamtaka aliyegundua atoe taarifa kwa Makumbusho ya Taifa ndani ya siku 7. Taarifa hiyo usiirushe mitandaoni ikiwa na mahali kamili, maana wanaosaka hazina zinazodaiwa kufukiwa na Wajerumani hawachelewi kufika na sururu.

Mkiona ukuta wa mawe ya matumbawe unabomoka, msiuzibe kwa saruji, hata kwa nia njema. Saruji ni ngumu kuliko jiwe na haipitishi unyevu. Chumvi hukusanyika nyuma yake na kulimega jiwe kutoka ndani. Pigeni picha, pelekeni kwa ofisi ya mambo ya kale, na nakala ibaki kwa mtendaji wa kijiji.