Miguu ya mume wangu inaruka usiku. Je, inarudi?

SWALI: Kaka, salamu. Mume wangu ni fundi wa mabati. Miezi minne iliyopita alianguka kutoka juu ya paa huko Ruai, akafanyiwa upasuaji na kutiwa vyuma. Daktari aliandika kwamba ugwe, ile kamba ya neva iliyo ndani ya uti wa mgongo, umeumia kwenye pingili ya nane ya kifua. Kuanzia juu kidogo ya kitovu kwenda chini hasikii kitu. Sasa usiku miguu inaruka yenyewe na kupiga shuka. Mama mkwe amefurahi, anasema uhai unarudi, na anataka tumkande kwa maji moto na kumsimamisha kila asubuhi. Mchana anakalia tyubu ya tairi la pikipiki tuliyoazima kwa jirani. Je, atatembea? Na mambo ya chumbani?
Mama Wawili, Kayole

JIBU: Dada, nianze na hayo maji moto, maana hayangoji. Yamwage.

Mimi nilianguka mjengoni miaka 18 iliyopita. Mwaka wangu wa pili kwenye kiti cha magurudumu, baridi ya Julai ikiwa imekaza, niliwekewa jiko karibu na miguu. Nikiwa nasikiliza taarifa ya habari nikanusa soksi ya nailoni ikiungua, nikamwambia mtoto atazame ni nini kimeangukia makaa. Kumbe ni mimi. Kisigino kilichukua miezi 7 kufunga. Kwa hiyo maji ya kumwogesha yapime kwa kiwiko chako.

Kuhusu miguu kuruka, naomba umwambie mama mkwe polepole. Ugwe ulio chini ya jeraha haujafa, umekatiwa tu mawasiliano na ubongo. Shuka likigusa nyayo, unajibu wenyewe bila kumwuliza mwenye miguu. Hiyo si dalili ya kutembea. Ila siku miguu ikizidi kuruka ghafla, tafuteni sababu: kibofu kimejaa, choo kimekwama, kucha imeingia nyamani, kidonda kinaanza mahali. Ikimnyima usingizi, daktari ana dawa za kulegeza misuli.

Atatembea? Kuna kipimo ambacho watu huona haya kukisimulia. Daktari hugusa kwa pini na pamba kuzunguka njia ya haja kubwa, kisha huingiza kidole chenye glavu na kumwambia mgonjwa abane. Akihisi au akibana, jeraha halikukata kila kitu, na matumaini ni makubwa zaidi. Asipohisi wala kubana, uwezekano wa kutembea hupungua sana kadiri miezi inavyopita, kwa kuwa sehemu kubwa ya kinachorudi hurudi katika miezi 6 hadi 9 ya kwanza. Ulizeni aliandikiwa herufi gani ya ukali wa jeraha, kati ya A na E. A ndiyo nzito kuliko zote. Mkishajua, mtaacha kuhesabu miruko ya usiku.

Kusimama kuna faida, lakini kwa vyuma vya miguu na mtu wa fizio, si kwa nguvu za mashemeji. Mifupa isiyobeba uzito hudhoofika. Paja linaweza kuvunjika naye asijue. Mama mkwe mpe kazi hii, ataipenda: ashike kisigino kwa kiganja, asukume unyayo taratibu kuelekea gotini, ahesabu hadi 30, kisha mguu wa pili. Asubuhi na jioni. Kifundo kikishakaza, hata kiatu hakiingii.

Zamani watu wenye jeraha kama letu hawakuuawa na mgongo, waliuawa na vidonda na mkojo. Daktari Ludwig Guttmann alipofungua wodi yake ya majeraha ya uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944, aliwageuza wagonjwa kila baada ya saa 2, usiku na mchana, na wakaishi. Kitandani fanyeni hivyo hivyo. Kitini, kila nusu saa ainamie mbele, viwiko magotini, kwa dakika 2 hivi. Kujiinua kwa mikono sekunde chache hakutoshi, tena kunamaliza mabega. Jioni chukua kioo umtazame makalio na visigino. Palipo na alama isiyofifia pasilaliwe hadi ipotee.

Hukuniambia anakojoaje. Kama bado ana mpira wa mkojo unaokaa ndani ya kibofu muda wote, ulizeni kama anaweza kufundishwa kujitoa mkojo mwenyewe kwa mpira wa kuingiza na kutoa, mara 4 hadi 6 kwa siku. Kibofu kinachojaa kupita kiasi huharibu figo kimyakimya.

Ombeni barua ya rufaa kwenda Hospitali ya Kitaifa ya Majeraha ya Uti wa Mgongo, Barabara ya Lenana. Kiti msikubali cha msaada kisichopimwa. Karakana ya APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo Kenya, Waiyaki Way, hutengeneza viti. Kabla ya kuhamia nyumba ya chini, ambayo itabidi mhamie, pima mlango wa choo. Mimi nilihama mara mbili kwa sababu ya sentimita 5.

La chumbani umeliweka mwishoni kabisa, nami nakuelewa. Halijaisha. Dawa zipo, na hata mtoto wa tatu anawezekana kwa msaada wa daktari. Ila muulizeni daktari mkiwa wawili, mama mkwe akiwa nje.

Na ile tyubu mrudishieni jirani leo. Tundu la katikati linavuta ngozi na kubana damu pale pale mnapotaka kupalinda. Nunueni mto wa povu zito.